Maneno juu ya Usingizi wa Vijana Wetu, na Namna Walivyoshikamana na Walezi Wao



Tumepewa na Kamati ya Yubile kazi ya kusema juu ya afya ya vijana. Tulipopewa neno hilo tulidhani kwanza kwamba tutasema juu ya maji safi, na vyandarua, na mboga za majani, maana ndiyo yasemwayo kila mwaka, nayo ni mema. Lakini tulipokaa tukafikiri, tukaona kwamba liko jambo moja ambalo kila kijana hulifanya kila siku, nalo lachukua karibu sehemu moja katika tatu ya maisha yake, wala hatujapata kulisikia likisemwa mimbarani hata mara moja. Jambo hilo ni kulala usingizi. Tena tukakumbuka kwamba sisi wenyewe, tuliokaa miaka mingi katika kazi ya kulea watoto wa bweni, tulipata kukosa vibaya katika jambo hili. Basi tumeona yafaa tuanze na kosa letu, ili msidhani kwamba twasimama hapa kama watu wasio na deni.

Ilikuwa katika shule moja ambayo hatutaitaja. Aliletwa mtoto wa darasa la tatu, umri wake yapata miaka tisa. Mama yake alikuwa amefariki, naye alikuwa amepita katika nyumba tatu za jamaa kabla ya kufika kwetu. Mchana alikuwa mtoto mwema, msikivu, mwepesi wa hesabu. Usiku alikuwa haLali. Kila siku, taa zikiisha kuzimwa, alikuja mlangoni petu akabisha, akasema, "Mwalimu, nasikia kitu." Tukaenda tukatazama, hapana kitu. Usiku wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Tukamwonya. Wiki ya pili tukamchapa fimbo mbili, tukamwambia asibishe tena. Naye hakubisha tena. Tukafurahi, tukawaambia walimu wenzetu kwamba amepona, nao wakatusifu.

Muhula ule haukwisha kabla hatujaona mambo mengine. Mtoto alisinzia darasani. Hesabu zake zikapotea. Hakula vizuri. Aliposhikwa na homa hakumwambia mtu. Tulimwona siku ya tatu akitetemeka chini ya dawati, na zahanati wakasema ni malaria, nasi tulikuwa na hakika kwamba chandarua chake ki kizima, maana tulikitundika kwa mikono yetu. Ndipo mlinzi wa usiku alipotujia. Alikuwa mzee sana, hakusoma, wala hakuwa na sifa yoyote mbele ya walimu. Akatuambia kwamba mtoto yule hutoka bweni kila usiku, huja kwenye moto wake karibu na ghala, huketi kidogo, kisha hulala palepale juu ya gunia mpaka karibu na kengele. Tukakasirika, tukamwuliza kwa nini hakusema. Tukamwambia kwamba kama mtoto asikia baridi atapewa blanketi la pili. Mzee akatujibu kwa upole: "Mwalimu, hana haja na moto. Ataka kujua kwamba yuko mtu macho."

Neno hili hatujalisahau. Baadaye, tulipopata nafasi ya kusoma vitabu vya wataalamu wa malezi, tuliyakuta humo kwa kurasa mamia mambo yale yale aliyoyasema mzee kwa maneno machache.

Wako watu wawili ambao majina yao yafaa kujulikana na kila mwalimu. Wa kwanza ni John Bowlby, daktari Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1907 akafariki mwaka 1990. Yeye mwenyewe alilelewa na yaya, na yaya yule akaondoka mtoto alipokuwa hajatimiza miaka minne. Kisha akapelekwa shule ya bweni angali mdogo. Mwaka 1939, vita ilipoanza na watoto wa London kuhamishwa mashambani kwa hofu ya mabomu, yeye na wenzake wawili waliandika barua katika gazeti la madaktari, wakaonya kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano akitengwa na mama yake kwa muda mrefu huweza kupata madhara makubwa. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake juu ya watoto wasio na makao, ikasomwa katika nchi nyingi. Mwaka uliofuata rafiki yake, James Robertson, alionyesha sinema ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane bila mama yake. Na baada ya miaka saba serikali ya Uingereza ikashauriwa kuwaruhusu wazazi wakae na watoto wao wodini. Hapa mtatuwia radhi tukicheka kidogo. Katika hospitali zetu mama hulala na mtoto wake, na kama hana kitanda hulala juu ya mkeka chini ya kitanda, wala hatukungoja sinema ili kulijua jambo hilo.

Wa pili ni Mary Ainsworth, mwanamke msomi aliyelelewa Kanada, na habari zake zatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki zaidi ya za yule wa kwanza. Maana mwaka 1954 alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi Makerere katika taasisi ya kuchungua mambo ya jamii. Yeye naye hakukaa bure. Akaenda katika vijiji vya Waganda karibu na mji pamoja na mkalimani, akawatembelea akina mama 26 wenye watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili alirudi, akaketi sebuleni saa mbili hivi, akatazama tu: mtoto alia lini, nani amwinua, hutambaa kwenda wapi, na mgeni akiingia humkimbilia nani. Alifanya hivi miezi mingi, na mwaka 1967 akatoa kitabu. Hivyo elimu hii, ambayo leo husomwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani, sehemu kubwa ya msingi wake iliwekwa juu ya mikeka ya Buganda.

Aliona nini? Katika watoto wale 28, watoto 16 walikuwa na tumaini. Mama akiwapo, walitambaa mbali kucheza. Wakiogopa, walirudi kwake, wakatulia, wakaenda tena kucheza. Watoto 7 walilia sana hata mama alipokuwa karibu, wakamng'ang'ania, wala hawakutulia upesi wakichukuliwa. Na 5 walikuwa bado hawaonyeshi kushikamana na mtu. Tena aliona jambo moja ambalo twaomba walimu walishike: wale akina mama walioweza kusimulia habari za watoto wao kwa urefu, hiki akipenda, kile akichukia, hulala hivi, huamka vile, ndio ambao watoto wao zaidi walikuwa na tumaini. Ambaye kila mara alipoulizwa juu ya mtoto alianza kusema habari nyingine, mtoto wake mara nyingi hakuwa hivyo. Wala hakudai kwamba mama ni peke yake. Aliwaona watoto walioshikamana na baba, na bibi, na dada mkubwa, kama tujuavyo sote kwamba ndivyo ilivyo katika nyumba zetu.

Baadaye alihamia Baltimore, nchi ya Marekani, akapanga jaribio dogo lisilozidi dakika ishirini na kitu. Mtoto wa mwaka mmoja huingizwa pamoja na mama yake katika chumba asichokijua, chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia. Mama hutoka, kisha hurudi. Watazamaji huangalia zaidi namna mtoto anavyompokea mama akirudi kuliko namna anavyolia akiachwa. Wako wamkimbiliao, wakafarijika, wakarudia mchezo: hawa ni wenye kutumaini, nao ndio wengi. Wako wasiomtazama, waendeleao kuchezea vitu vyao kana kwamba hakuna aliyeondoka wala aliyerudi: hawa twawaita wenye kujitenga. Na wako wamshikao huku wakimpiga na kumsukuma, wasifarijike: hawa ni wenye hofu ya kuachwa. Wanafunzi wake baadaye wakaongeza namna ya nne, watoto ambao mlezi wao ndiye pia awatishaye, nao hawajui waende kwake au wamkimbie. Twasikitika kusema kwamba namna hii ya nne twaijua sana walimu wa zamu.

Msidanganyike na mtoto mwenye kujitenga. Amekaa kimya, hasumbui, twamsifu kwamba amekuwa mtu mzima. Waliopima mapigo ya moyo wake wameona kwamba moyo wake wapiga mbio kama wa yule aliaye. Amejifunza tu kwamba kulia hakumleti mtu. Ndivyo alivyokuwa mtoto wetu wa darasa la tatu baada ya fimbo zile mbili, nasi tukasema amepona.

Sasa na tuseme juu ya usingizi, maana huenda wengine wauliza mambo haya ya watoto wachanga yana nini na vijana.

Kijana akilala, mwili wake haukai bure. Katika usingizi mzito wa saa za kwanza ndipo homoni ya kukuza mwili itokapo kwa wingi. Katika usingizi ubongo hupanga na kushika yale aliyofundishwa mchana. Nazo nguvu za mwili za kupigana na maradhi hutengenezwa. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa shauri kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 katika siku moja, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Twaomba walimu wakuu wa shule zetu za bweni wafanye hesabu wenyewe. Taa huzimwa saa nne na nusu usiku baada ya masomo ya jioni, na kengele hulia saa kumi na nusu alfajiri. Hizo ni saa sita, na bado hatujaondoa muda wa kunong'ona na kutafuta shuka. Tena mwili wa kijana abaleghaye hubadili saa yake ya ndani: hupata usingizi kwa kuchelewa kuliko mtoto mdogo na kuliko mtu mzima, na alfajiri ndipo usingizi wake unapokuwa bado wamlemea. Kwa sababu hiyo madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2014 walishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Hatusemi kwamba tufuate saa hiyo. Jua letu ni kali na safari za watoto wetu ni ndefu. Lakini kumwita mvivu kijana asinziaye katika Sala ya Asubuhi, ambaye sisi wenyewe tumemnyima saa mbili za usingizi, hilo si haki.

Lakini saa za kulala peke yake hazitoshi, na hapa ndipo mambo mawili haya yakutanapo. Mtu alalaye huweka chini ulinzi wake wote. Hasikii vema, haoni, hawezi kukimbia. Kiumbe chochote hakiweki chini ulinzi wake ila kikiwa na tumaini kwamba pale kilipo ni salama. Na kwa mtoto wa binadamu usalama ni mtu, si ukuta. Mwenye kutumaini hulala kwa sababu ndani ya moyo wake amebeba mlezi wake hata akiwa mbali naye. Mwenye hofu ya kuachwa hulala huku sikio moja li macho. Wengi waliowauliza vijana na watu wazima juu ya mambo haya wameona kwamba hofu hii ya kuachwa huenda pamoja na usingizi mbaya: kuchelewa kupata usingizi, kuamka mara kwa mara, kuamka asubuhi kama mtu asiyelala. Juu ya wenye kujitenga ushahidi haukubaliani sana. Wengine wameona usingizi wao mbaya pia, wengine hawakuona tofauti kubwa.

Siku hizi hofu hii imepata chombo cha kuitumikia, nacho ni simu. Twawajua vijana wa mitaa yetu walalao na simu chini ya mto, wakaamka saa saba usiku kutazama kama rafiki amejibu. Wazee husema ni utundu. Sehemu yake ni utundu, na mwanga wa kioo machoni usiku huchelewesha usingizi wa mtu yeyote. Lakini tazameni vizuri ni kijana yupi asiyeweza kuiweka simu sebuleni. Mara nyingi ni yule aogopaye kwamba asipojibu upesi ataachwa. Ukimnyang'anya simu bila kumpa mtu wa kusema naye, umemfanyia kama tulivyomfanyia sisi mtoto wetu.

Mambo mengine ya afya hufuata njia hiyo hiyo. Mwenye hofu ya kuachwa husikia maumivu mengi, huenda zahanati mara nyingi, na muuguzi humchoka. Mwenye kujitenga huficha ugonjwa mpaka aanguke, na dawa huziacha njiani, maana kutumia dawa ni kukubali kwamba wamhitaji mtu. Huko Seattle, Marekani, mwaka 2001 madaktari waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari, wakaeleza kwamba wale wenye kujitenga ambao mazungumzo yao na daktari yalikuwa mabaya, sukari katika damu yao ilikuwa juu zaidi. Ambao walizungumza vema na daktari wao, hali yao ilikuwa afadhali. Hao walikuwa watu wazima, lakini masista wetu wa zahanati wanaowapa vijana vidonge kila mwezi watalitambua jambo hili bila kufundishwa. Dawa ni ile ile. Mkono unaoitoa ndio unaohitilafiana.

Hata hivyo twapenda kuweka mpaka, ili asiondoke mtu hapa akasema kwamba kila kijana asiyelala alinyimwa upendo. Wako wasiolala kwa ajili ya kunguni. Wako wasiolala kwa njaa, au kwa pumu, au kwa sababu baa iko ng'ambo ya barabara na ngoma hailali. Mama mmoja wa mtaa wetu alikuja akilia, akasema amesoma mahali kwamba ni kosa lake mwanawe kukosa usingizi. Tulipokwenda nyumbani kwake tukaona watoto watano katika chumba kimoja chenye chandarua kimoja kilichotoboka. Mama yule hakuwa na kosa. Alikuwa na haja ya vyandarua. Tena kwamba mambo mawili huonekana pamoja si ushahidi kwamba moja ndilo lililozaa la pili: kukosa usingizi nako humfanya kijana awe mwoga na mwenye kulalamika. Na la mwisho, hali hii si chapa ya moto. Watu waliokuwa na mwanzo mbaya wamepata katika ujana wao mwalimu, au shangazi, au padre, au mke mwema, na mioyo yao ikajifunza kutumaini.

Lakini liko jaribu moja la kweli lihusulo usiku wenyewe, nalo ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema mbele yenu leo. Katika nchi ya Israeli kulikuwako vijiji vya ujima viitwavyo kibutsi, ambamo kwa miaka mingi watoto hawakulala kwa wazazi wao. Walilala pamoja katika nyumba ya watoto, na wanawake wa zamu waliwalinda usiku, wakizunguka nyumba nyingi, na zamu zikibadilika. Mchana watoto walikuwa na walezi wema, na kila jioni waliwaona wazazi wao. Vijiji vingine vya namna ile ile viliwaacha watoto walale nyumbani. Mwaka 1994 Abraham Sagi na wenzake walitoa hesabu: waliolala kwa wazazi, watoto 80 katika kila 100 walikuwa wenye kutumaini, waliolala katika nyumba ya pamoja, 48 tu. Mchana ulikuwa sawa kwa wote. Tofauti ilikuwa usiku: mtoto akilia, ni nani ajaye, na je, ni mtu amjuaye? Kufikia mwisho wa karne ya 20 vijiji vile vilikuwa vimeiacha desturi hiyo, na wengi waliodai iachwe walikuwa akina mama ambao wenyewe walilazwa hivyo utotoni.

Mwajua nyote habari za mtoto Samweli. Tumezoea kuzihubiri kama habari za wito, na ndizo. Lakini zisomeni tena kama walezi wa bweni. Mtoto mdogo, mbali na mama yake, amelazwa katika nyumba kubwa ya Mungu. Usiku asikia sauti. Afanya nini? Aondoka mbio kwa mzee Eli. Aambiwa arudi akalale. Aja mara ya pili, na ya tatu. Mzee yule alikuwa haoni tena, na malezi ya wanawe mwenyewe yalikuwa yamemshinda. Hata hivyo hakumpiga mtoto, wala hakufunga mlango wake. Kama angalimchapa mara ya kwanza, kama tulivyofanya sisi, Samweli asingalikuja mara ya tatu, wala asingalifundishwa la kujibu. Na mama yake Hana, ambaye alikuwa mbali, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Ili kushona kanzu ya mtoto usiyemwona yakupasa kufikiri sana kimo chake.

Basi twafika kwenye neno lililo mbele yetu. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitoa waraka wa kuzuia watoto wa madarasa ya awali mpaka darasa la nne wasilazwe bweni. Wengine katika dayosisi walinung'unika, maana ada za watoto wale zilitusaidia. Sisi hatukunung'unika. Lakini watoto wa darasa la tano na kuendelea bado twawapokea, na sadaka ya Yubile, kama mjuavyo, imekusudiwa kujenga bweni jipya. Ramani iliyoletwa ina ukumbi mmoja wa vitanda 80, na nyumba ya mlezi iko ng'ambo ya uwanja, karibu na jiko. Tumeitazama ramani ile kwa muda mrefu. Ni bweni lile lile tulilolilinda sisi zamani, ila mabati yake ni mapya.

Twaomba ibadilishwe. Twaomba ukumbi ugawanywe vyumba vidogo, na katikati pawe na chumba cha mlezi, na mlango wake ufunguke ndani, upande wa watoto. Twaomba mlezi awe mmoja kwa mwaka mzima, asibadilishwe kila mwezi kwa zamu za walimu, na alipwe mshahara wa kutosha ili asitafute kazi nyingine mchana akaja usiku amechoka. Fundi ametuambia kwamba tukifanya hivyo vitanda vitapungua, havitafika 80, na mweka hazina ametuonyesha hasara yake. Hatubishani na hesabu zake. Ni za kweli. Twataka tu hesabu nyingine iwekwe mezani pamoja nazo.

Katika mambo madogo yasiyo na gharama, twawaomba walimu wakuu wasingoje bweni jipya. Kengele yaweza kusogezwa mbele saa moja kesho asubuhi. Mtoto mgeni aweza kulazwa karibu na ndugu yake au mtu wa kijiji chake kwa muhula wa kwanza, maana twawatenganisha kwa kufuata orodha ya majina tu. Barua na simu za nyumbani zisizuiwe kuwa adhabu. Adhabu ziko nyingi, tafuteni nyingine. Na mlezi awe na daftari, aandike humo si makosa ya watoto bali namna kila mmoja alalavyo: nani huamka, nani huota akapiga kelele, nani hukojoa kitandani. Mzazi akija kumtazama mwanawe, asomewe.

Wazazi nao wenye vijana wa kutwa, twawasihi wasione haya kumwuliza kijana wa miaka kumi na sita alilalaje. Atajibu kwa mkato. Muulizeni tena kesho.

Mtoto wetu yule alihamishwa mwisho wa mwaka akaenda kwa mjomba wake, nasi hatukupata nafasi ya kumwomba radhi. Mzee mlinzi alifariki miaka michache baadaye. Tulipokwenda mazishini tulimwona kijana mrefu amesimama pembeni ya kaburi, ameshika koleo pamoja na wajukuu wa mzee, naye alitusalimu kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu," akaendelea kufukia.

Ramani ya bweni imetundikwa sakrestia ya kanisa kuu. Kamati itakaa Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, na mwenye neno juu yake na alilete kwa katibu kabla ya siku hiyo, kwa maandiko au kwa mdomo.